Je, wajua kwa nini unakuta mawe na misumari ndani ya mkaa?

Umefungua mfuko wa mkaa, unapanga vipande kwenye jiko ili uchome nyama, unashika kimoja kinafanana kabisa na wenzake, cheusi, kina kona kona, ila mkono unashtuka manake ni kizito mno kwa ukubwa wake. Jiwe. Anayechoma mara kwa mara lazima ashakutana nalo, na wengi wetu tunakuwa na jibu tayari kichwani: muuzaji kaliweka ili mfuko uzidi uzito.

Mimi nililiamini jibu hilo miaka mingi na nimewaambia watu wengi tu. Linaingia akilini, mkaa ukipimwa kwa kilo basi jiwe nalo ni kilo. Ila siku ukilichukua hilo jiwe ukalitazama vizuri badala ya kulitupa, jibu linaanza kuyumba. Angalia ule weusi wake. Mara nyingi sio vumbi tu, ukilisugua kwa kidole halitoki lote, kuna utando mgumu unaong'aa umegandia pale na wakati mwingine kijipande cha mkaa kimeng'ang'ania pembeni. Utando huo ni lami ya mti, ile inayotoka kwenye kuni wakati zinageuka kuwa mkaa, na haitokei ghalani wala ndani ya mfuko. Inatokea kwenye tanuri. Maana yake jiwe lilikuwepo mle wakati kuni bado ni kuni, kabla hata muuzaji hajauona huo mkaa.

Alafu kuna hili, mtu anayetaka kuiba kwa uzito ana njia nyepesi kuliko kuokota mawe, nayo ni maji. Mkaa umejaa vitundu, hata ukiachwa tu hewani unavuta unyevu wenyewe, sasa ukimwagiwa maji unayanywa na ukikauka juu kwa macho huwezi kujua. Sisemi hakuna anayetia mawe makusudi, wapo, na jiwe safi lisilo na dalili yoyote ya lami lina maswali yake. Ila kumhukumu muuzaji kwa jiwe moja lililoiva na lami ni kumkosea, na hapo ndipo nilipokuwa nakosea mimi.

Sasa jiwe liliingiaje kwenye tanuri?

Njia ya zamani ya kuchoma mkaa, ambayo mpaka leo inatumika sehemu nyingi sana duniani, ni kupanga magogo rundo, kuyafunika kwa majani, juu ya majani unaweka udongo, alafu unawasha ukiacha matundu machache ya hewa. Udongo ule kazi yake ni mfuniko. Kuni zikipata hewa ya kutosha zinawaka mpaka majivu, zikinyimwa hewa huku zina joto zinavunjika bila kuwaka, maji yanatoka, gesi na lami vinatoka, kinachobaki ni kaboni kwa sehemu kubwa.

Kitu ambacho wengi hatukifikirii ni kwamba kuni mle ndani zinakonda. Hata zikiwa zimekauka vizuri zinapoteza karibu theluthi mbili ya uzito, na zinasinyaa umbo pia. Mfikirie mtu aliyekonda sana lakini bado kavaa nguo zake za zamani, nguo ni ile ile ila inampwaya, inaning'inia, inaporomoka. Tanuri liko hivyo hivyo. Udongo ulipangwa ukae juu ya rundo nene, rundo linasinyaa chini yake, mfuniko unabonyea na kupasuka. Na ufa ni hatari, hewa ikiingia pale mkaa wote wa upande ule unageuka majivu, kwa hiyo mchomaji anakimbia na koleo kuziba, anachota udongo wowote ulio karibu, na udongo una kokoto na mawe. Leo ufa huu, usiku ule, kesho mwingine.

Huo udongo haukai juu. Chukua kapu limejaa mipira umwagie mchanga, mchanga hautulii juu ya mipira, unateremka kwenye nafasi zilizopo katikati mpaka chini. Magogo yaliyosinyaa yameacha nafasi za namna hiyo, na majani yaliyokuwa yanauzuia udongo yameshaungua. Mawe yanashuka, yanakaa katikati ya mkaa, lami inayapaka. Siku ya kupakua kila kitu ni cheusi, vumbi kila mahali, anayechambua anafanya kwa macho na reki. Jiwe linapita.

Kinachonifurahisha kwenye hii habari ni kwamba tanuri lile lile lililoleta jiwe ndilo linaloharibu ubora wa mkaa wenyewe. Ndani ya tanuri moja joto halilingani. Katikati kunaweza kuiva vizuri kabisa wakati chini kwenye udongo wa baridi na pembezoni hakujaiva, ndo unapata vijinga, vipande ambavyo nje ni mkaa na ndani bado mti wa kahawia. Mkaa ulioishia nyuzi 300 una kaboni kama asilimia 70 hivi, karibu yote iliyobaki ni vile vitu vinavyopaa vikipata joto, yaani moshi na miali. Ukifika nyuzi 500 kaboni inakuwa kama asilimia 85. Kwa hiyo mfuko mmoja unaweza kuwa na kipande kinachotoa moshi mzito unaowasha macho na jirani yake anawaka kimya, wametoka mti mmoja na tanuri moja ila walilala sehemu tofauti. Kiwango cha Ulaya cha mkaa wa kuchomea nyama, EN 1860-2, kinataka kaboni isipungue asilimia 75, majivu yasizidi 8 na unyevu usizidi 8.

Kwenye majivu tena tunarudi kwenye udongo. Mkaa msafi majivu yake ni kidogo, asilimia 3 hivi ni kawaida, lakini mchanga hauungui, wote unahesabika kama majivu. Ndo maana chenga za chini ya mfuko ni mbaya kuliko vipande, huko ndiko udongo unakojikusanya, na zikimwagwa jikoni zinaziba nafasi za hewa, moto unafifia na wewe unadhani mti ulikuwa mbovu.

Watu wanapenda kupima mkaa kwa mlio, unagonganisha vipande viwili, ukilia kama kigae ni mzuri, ukifanya du ni mbovu. Kuna ukweli hapo, mkaa ulioiva kwa joto kubwa unakuwa mgumu na unalia, lakini aina ya mti na unyevu navyo vinabadilisha mlio, kwa hiyo ni kidokezo tu. Mfano uliopitiliza kabisa ni binchotan, mkaa mgumu wa Japani, ile ya mkoa wa Wakayama inachomwa kutoka mwaloni unaoitwa ubame na mwishoni joto linapandishwa mpaka karibu nyuzi 1,000. Ukiigonga inalia kama chuma na inapitisha umeme, kitu ambacho mkaa wa nyuzi 300 hauwezi. Na ili kuizima wanaitoa nje ikiwa nyekundu wanaifukia kwa mchanganyiko wa majivu na mchanga, ndo inabaki na ngozi nyeupe nyeupe. Yaani mkaa unaosifiwa kuliko mingi duniani unapakwa mchanga makusudi!

Misumari ni habari nyingine kabisa. Msumari hautoki kwenye udongo wa kufunika, unatoka kwenye mti wenyewe, na kuna njia mbili. Ya kwanza ni mti ulio hai. Mti unanenepa kwa kuongeza tabaka jipya chini ya gome kila mwaka, kwa hiyo msumari au waya wa uzio uliopigiliwa juu juu unamezwa taratibu mpaka haonekani hata kichwa. Na unabaki urefu ule ule kutoka ardhini, manake mti unarefuka kwenye ncha sio kwenye shina. Vishina na mizizi inafanya hivyo hivyo kwa mawe, inayakumbatia, ndo maana kuna siku unapasua kipande cha mkaa unakuta kokoto ndani kabisa.

Njia ya pili ndiyo ya kuangalia kwa makini. Ni mabaki ya mbao za ujenzi, pallet na fanicha. Msumari wenyewe hauna neno, chuma hakiyeyuki kwenye joto la tanuri wala la jiko, tatizo ni kile mbao ilichopakwa. Kuna mbao zilitiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki ili zisiliwe na wadudu, viwanda vya Marekani viliacha kuitumia kwa sehemu kubwa ya mbao za makazi mwisho wa 2003 lakini mbao za zamani bado zipo, na aseniki haiungui ikaisha, sehemu inapaa na moshi na sehemu inabaki kwenye majivu. Kwa hiyo usitazame msumari peke yake, tazama umbo. Vipande vyenye pande bapa, kona za mraba, tundu la keekee au mfereji wa kuunganishia ni mbao iliyopita kwa seremala. Kipande cha tawi kina mviringo na pete za mti, na msumari ndani yake kuna uwezekano mkubwa ulimezwa.

Ukikuta kipande cha kamba ya plastiki au kitambaa kizima hakijaungua, hicho hakikupita kwenye tanuri hata kidogo, kingeyeyuka au kuwa mkaa. Kimeingia wakati wa kupakia.

Kuhusu jiwe, ukiliona kabla hujawasha litoe, manake mawe yenye vitundu yakinywa maji yanaweza kupasuka motoni. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi karibu mara 1,700, na kama njia ya kutokea ni nyembamba jiwe linapasuka na kurusha vipande. La tanurini lilishakaushwa mara moja, lakini mfuko ukikaa kwenye unyevu linaweza kunywa tena. Na kama moto umeshakolea ndo ukaligundua, usilivute kwa mkono ukidhani ni jeusi hivyo limepoa, jiwe linatunza joto muda mrefu baada ya mkaa wa jirani kuisha.