Programu ya Kukagua Tafsiri Haisomi Tafsiri

Nimeulizwa tena na mtafsiri mwenzangu hapa Kigoma: “Kaka, ninunue programu ipi ya kukagua ubora ili kazi zisinirudie?” Swali hili linanichosha, maana ndani yake imo imani kwamba programu inasoma tafsiri. Haisomi. Inalinganisha tu matini asilia na tafsiri: tarakimu, tagi (alama za mpangilio wa maandishi), segimenti (vipande vya maandishi) zilizoachwa wazi, istilahi za kwenye faharasa, yaani orodha ya maneno yaliyokubaliwa.

Kwa tarakimu inafaa mno. Mililita 5 zikigeuka 50 kwenye maelezo ya dawa, jicho lililochoka hupita. Programu haipiti.

Lakini chukua tangazo la chanjo la kubandikwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kiingereza kinasema kliniki inafunguliwa 7:00 asubuhi. Mtafsiri makini anaandika saa 1:00 asubuhi, na programu inapiga kelele kwamba tarakimu hazilingani. Mzembe anaandika saa 7:00, programu inampitisha kimya. Mama aliyeshika “saa 7” atafika na mtoto mgongoni jua likiwa utosini, foleni imeshakwisha. Kosa la namna hii ndilo linalorudisha kazi, na programu imelibariki!

Ngeli nazo zinaitesa. Faharasa inasema “new” ni “mpya”. Wewe umeandika kadi mpya, jina jipya, kituo kipya, vyeti vipya. Kadi inapita, waliobaki wote wanahesabiwa wakosaji. Ukizima ukaguzi wa istilahi, iliyokosewa kweli nayo itapita. Hapo sijapata dawa inayoniridhisha. Na nina shaka kama ripoti ndefu ya tahadhari za uongo inasaidia kitu: mtu anabofya “puuza, puuza” mpaka anapuuza kosa lenyewe.

Ulipie au usilipie? Ukifanya kazi peke yako, washa kwanza ukaguzi uliomo ndani ya programu ya kutafsiria unayotumia, kama Trados au memoQ. OmegaT, nayo ya kutafsiria, ni ya bure na ina ukaguzi wake. Kwa programu za kukagua tu, CheckMate ya Okapi ni bure, Xbench toleo la 2.9 pia, la 3.0 ndilo la kulipia. Kazi moja ikigawanywa kwa watafsiri wengi, au mteja akidai ripoti, hapo lipia.

Kabla ya kutoa hela, chukua kazi yako ya zamani kama ilivyokuwa kabla mhariri hajaisahihisha. Ipitishe kwenye toleo la majaribio, kisha uangalie ni masahihisho yapi ya mhariri ambayo programu ingeyakamata. Ikikosa mengi, hela hiyo mlipe msomaji wa pili.