Kwa nini betri ya haibridi (gari la petroli na umeme) hudai iko kwenye barafu huku Mombasa jua linawaka?

Toyota Aqua imewasha taa, skana (kifaa cha kusoma hitilafu za gari) inatoa kodi, yaani msimbo wa hitilafu, P0A9E, na joto la betri linasomeka nyuzi 40 chini ya sifuri, au chini zaidi. Nje ni nyuzi 32. Kabla hujakubali kuuziwa betri nyingine, tafuta waya uliokatika au plagi iliyolegea.

Sensa ya joto ni kipande kidogo ambacho ukinzani wake (kiasi kinavyozuia umeme) hupanda kikipoa na hushuka kikipata moto. Kompyuta ya betri huipelekea umeme mdogo, kisha husoma volti. Waya ukikatika, umeme haupiti kabisa, na kompyuta hudhani ni baridi kali. Waya ukigusa bodi ya gari, husoma moto mkali, na kodi huwa P0A9D.

Kodi ya kuogopwa zaidi ni P0A9C, maana hapo sensa inasoma lakini haiaminiki. Kutu ya kijani kwenye pini huongeza ukinzani, hivyo betri huonekana baridi kuliko ilivyo. Feni huchelewa kukaza mwendo, moduli (vipande vinavyounda betri) zikaendelea kuiva.

Acha gari lilale usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuliwasha, soma joto la kila sensa kwenye skana. Zote zinapaswa kukaribiana, na kukaribiana pia na hewa ya ndani ya gari. Inayojitenga kwa nyuzi 10 ndiyo mshukiwa. Zikiwa sawa asubuhi, kisha zote zikapanda pamoja safarini, sensa zinasema kweli: safisha tundu la hewa kando ya kiti cha nyuma pamoja na feni, kwa kuwa vumbi na nywele huziba hapo.

Ikibidi kufungua, zima gari, weka ufunguo mbali, ondoa waya hasi wa betri ya volti 12, vaa glavu za umeme za volti 1,000, chomoa plagi ya usalama ukae nayo mfukoni, kisha subiri dakika 10. Hata hapo usilegeze glavu. Pakiti ya betri ya Aqua ya kizazi cha kwanza ina moduli 20 za volti 7.2, jumla volti 144; plagi hukata njia tu, moduli zenyewe zina umeme bado.

Chomoa soketi ya sensa kwenye kompyuta ya betri, pima kila sensa kwa mita upande wa omu (kipimo cha ukinzani). Usitafute namba moja ya magari yote. Linganisha sensa za betri zenyewe kwa zenyewe. Isiyoonyesha kitu imekatika, iliyo karibu na sifuri imepiga shoti. Tikisa waya taratibu ukipima, kwani mkatiko wa ndani hujificha waya ukitulia. Zote zikilingana, safisha pini, kaza soketi, futa kodi, kisha upime tena asubuhi inayofuata. Kodi ikirudi na waya ni mzima, hapo ndipo kompyuta ya betri ishukiwe.