Je, wajua? Kubadilisha sindano na kuacha bomba lile lile hakukukingi na kitu

Kwenye chumba cha sindano karibu kila mtu siku hizi ana swali lake moja. "Sista, hiyo ni mpya?" Sista anajibu "mpya mama, si unaona naichana mbele yako", anachana kale kapakti, mgonjwa anatulia na kugeuza mkono. Hapa kwetu Dodoma, iwe Chang'ombe, Nkuhungu au huko Bahi, swali ni hilo hilo, na ni swali zuri sana, limetukaa vichwani tangu enzi zile za kampeni za Ukimwi. Shida ni kwamba wengi wetu macho yanaishia kwenye kile kichuma chenye ncha. Bomba, ile sehemu inayobeba dawa, hatuliangalii, na kile kichupa dawa ilikotoka ndo kabisa, hakuna anayekijali.

Ngoja nieleze kwa nini bomba ni la kuogopa. Ukichomwa, ndani ya ile ncha kuna kitundu chembamba, na dawa ikishasukumwa yote kinabaki kimajimaji kilichochanganyika na damu, kidogo kiasi kwamba jicho halioni. Sasa mtu akiichomoa ncha kutoka kwenye bomba ili aweke nyingine, ule mvuto wa kuchomoa unafyonza kile kimajimaji kinarudi kwenye bomba, yaani ncha mpya inavalishwa kwenye bomba ambalo tayari lina damu ya mtu aliyetangulia, na we unayefuata unasukumiwa vyote. Hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1946 kwenye jarida la madaktari wa Uingereza liliandikwa suala la wagonjwa waliokuwa wanapata manjano (macho na ngozi kugeuka njano, dalili ya ini kuumwa) baada ya kuchomwa penisilini, na maelezo yakawa hayo hayo: sindano zilikuwa zinabadilishwa, mabomba hayabadilishwi. Miaka karibu 80 hiyo.

Na wale wadudu wenyewe ni wagumu. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa hata kwenye sehemu iliyokauka kwa siku 7 na bado kikaambukiza. Kile cha homa ya ini C kikiwa ndani ya bomba wanasayansi wamekikuta kizima baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo habari za "si limekaa tangu jana limeshakauka" hazina mashiko.

Mtu atasema haya ni mambo ya huku kwetu, vijijini, sijui umaskini. Hapana. Mwaka 2008 ilikuwa Las Vegas, Marekani, kwenye kliniki ya kupima utumbo kwa kamera. Walikuwa wanawachoma watu dawa ya usingizi, mgonjwa akitaka kuamka anaongezewa, na hapo wanabadilisha ncha lakini bomba ni lile lile lake, wanalizamisha tena kwenye kichupa kuvuta dawa zaidi. Unaweza kusema sasa kosa liko wapi, si bomba la kwake mwenyewe? Kosa ni kichupa. Bomba limeshaingiwa na damu, likarudi kwenye kichupa likakichafua, na dawa iliyobaki kwenye kichupa akachomwa mgonjwa mwingine na bomba jipya kabisa kutoka kwenye pakti. Huyo hata angeuliza "ni mpya?" angejibiwa ndiyo, na lingekuwa jibu la kweli. Watu zaidi ya 40,000 waliitwa kwenda kupimwa.

Hata wanaotumia kalamu za insulini nyumbani wanaingia humu. Baba na mama wote wana sukari, kalamu ni moja, wanabadilishana kasindano tu kila mmoja kaweka kake, wanaona wako salama. Sio salama, damu inaweza kurudi kwenye ile dawa iliyomo ndani ya kalamu. Kila mtu na kalamu yake, hata kama ni mke na mume.

Zamani ilikuwa mabomba ya kioo. Ukiongea na wazee wa hapa Dodoma watakwambia walikuwa wanaona kabisa sufuria linachemka pembeni na mabomba yamo ndani, nesi anatoa na koleo anachoma, anarudisha. Kuchemsha kunaua vingi lakini sio vyote, vile vijidudu vya pepopunda vikiwa kwenye lile ganda lao havisikii maji ya moto. Halafu sisi huku tuko juu, Dodoma iko kama mita 1,100 na kidogo kutoka usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi karibu 96 sio 100. Njia ya uhakika ilikuwa mtungi wa mvuke wenye presha, nyuzi 121, na huo sio kila zahanati ilikuwa nao, na foleni ikiwa ndefu hata hayo ya sufuria yanatolewa kabla ya muda.

Mfano mbaya kuliko yote pengine ni Yambuku, kijiji cha Kongo, wakati huo Zaire, mwaka 1976. Hospitali ya misheni, kila asubuhi manesi walikuwa wanapewa mabomba matano na sindano zake kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku hiyo, wakitoka kwa huyu wanasuuza kwenye maji ya vuguvugu wanaenda kwa yule. Ebola ikaingia humo humo. Katika mlipuko ule watu 280 kati ya 318 walikufa, na waliougua kwa kuchomwa sindano tu bila kugusana na mgonjwa hakupona hata mmoja.

Misri yenyewe haikuwa na kelele ya namna hiyo, ila iliumiza watu wengi zaidi. Walikuwa na kichocho kibaya, serikali ikaanzisha kampeni kubwa kuanzia miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, tiba ni sindano za mfululizo kwenye mshipa, mabomba ya kioo yanazunguka kijiji kizima. Nia ilikuwa njema kabisa. Kichocho kikapungua, homa ya ini C ikaenea kimya kimya mpaka Misri ikawa inaongoza duniani, utafiti wa 2008 ulikuta karibu asilimia 15 ya watu wazima damu zao zinaonyesha walishaambukizwa. Walikuja kupambana nayo kweli kweli, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) likawapa hadhi ya dhahabu kwa jinsi walivyoirudisha chini. Na ile dawa ya kichocho siku hizi ni vidonge, ndo vile watoto wetu wanagawiwa shuleni wanapimwa urefu kwanza na ule mti wenye alama.

Kwa dunia nzima makadirio ni sindano bilioni 16 kwa mwaka, na usidhani ni chanjo, chanjo ni kama asilimia 5 tu, zaidi ya asilimia 90 ni za matibabu. Mwaka 2000 kwenye nchi zinazoendelea kama sindano 40 kati ya 100 zilikuwa zinachomwa kwa kifaa kilichoshatumika bila kutakaswa, na kwa mwaka huo mmoja WHO wakakadiria maambukizi milioni 21 ya homa ya ini B, milioni 2 ya C na 260,000 ya VVU. Kufika 2010 zile 40 zilikuwa zimeshuka mpaka kama 5 na nusu. Hiyo ni kazi kubwa sana watu wameifanya na wala haisifiwi.

Iliwezekanaje? Mahubiri yalikuwepo, lakini mi naona kilichobeba ni plastiki yenyewe. Nenda siku ya kliniki ya watoto uangalie nesi anavyochoma ile chanjo ya penta pajani. Bomba ni dogo, nusu mililita, lina alama moja tu. Anavuta dawa mara moja, anachoma, anasukuma mpaka mwisho, na pale mwisho kinasikika kasauti, tak. Baada ya hapo jaribu kuvuta kile kijiti cha kusukumia, hakivutiki, ndani kuna kibanio kimeshakamata. Ukilazimisha kinavunjika. Yaani hata nesi awe amechoka, hata sanduku limeishiwa, hata mtu awe na roho mbaya, lile bomba halichomi mtu wa pili. Mwaka 1999 WHO na UNICEF walitoa tamko kwamba chanjo zote zihamie kwenye mabomba ya hivi ifikapo mwisho wa 2003. Kwa sindano za matibabu walichelewa sana, wito wa namna hiyo ulikuja 2015, na ndo maana ukienda kuchomwa Powercef (ile antibayotiki ya sindano) bado unaweza kukutana na bomba la kawaida ambalo kiufundi linavutika tena.

Hapo nahamia kwetu sisi wagonjwa maana na sisi tuna letu. Tunapenda sindano balaa. Mtu akipewa vidonge anatoka analalamika "hajanitibu huyo", akichomwa moja ya takoni anatembea kwa kuchechemea ila ameridhika. Nadhani mapenzi haya yana historia. Miaka ya 1950 Afrika ilizungushwa kampeni ya buba, mtu ana vidonda mwili mzima, anachomwa penisilini mara moja tu, baada ya wiki mbili ngozi safi. Ukiona muujiza kama huo utamwambia nini mtu kuhusu kidonge? Ikawa urithi. Na wapo wanaotumia upenyo huo, jamaa ana begi lake anazunguka mitaani anachoma watu majumbani bei poa. Kambodia mwaka 2014 kijiji kimoja kinaitwa Roka kiligundulika watu zaidi ya 200 wana VVU, vichanga na vikongwe wamo, chanzo ni tabibu mmoja asiye na leseni aliyekuwa anapendwa sana na wanakijiji. Alifungwa miaka 25.

Hata kifaa kikiwa kipya kabisa bado kuna suala la wapi unachomwa. Takoni kunapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na kwa mtoto mdogo nyama ni chache, ncha ikiugusa mguu unalegea, anaanza kuburuza unyayo. Ndo sababu watoto wanachomwa pajani. Mzazi unayesema "mchome takoni ndo inaingia vizuri" naomba umwachie mtaalamu.

Manesi wenyewe ndo wanakaa na hatari kila siku. Ajali nyingi zinatokea mtu anaporudishia kifuniko kwenye ncha iliyotumika, mkono unateleza. Utaratibu ni usirudishie, tupa yote ilivyo kwenye lile boksi gumu la njano, likifika robo tatu lifungwe likachomwe. Ukiona boksi limejaa mpaka sindano zinachungulia juu sema tu kwa upole, "sista boksi limejaa", hakuna atakayekula.

Halafu wafugaji wa Chamwino, Kongwa na huko Bahi hamjasalimika. Bomba moja kubwa, ng'ombe wako kwenye kibanio wamepanga foleni, sindano moja inatoka wa kwanza mpaka wa mwisho. Ndigana baridi inaambukizwa na kupe, sawa, lakini pia inahamishwa na damu ya kwenye sindano hiyo hiyo. Unatibu mmoja unagawa kwa watano.

Na ukijichoma na sindano iliyotumika, iwe umekuwa unafagia jalala au unamuuguza mtu nyumbani: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usinyonye. Kama sindano ilitoka kwa mwenye maambukizi, VVU kwa kuchomwa hivyo vinaambukiza kama mara 3 kati ya 1,000, homa ya ini B kwa ambaye hajachanjwa inaweza kufika 30 kati ya 100, kwa hiyo usiende kuulizia VVU peke yake. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kukinga VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, zikianza mapema ndo zinafanya kazi vizuri zaidi, zinamezwa siku 28, na ukiwa hapo hapo omba na chanjo ya homa ya ini.