Mrija wa nyongo hauamshi saratani
Kuna ujumbe wa siku nyingi kwenye makundi ya simu hapa Kigoma, Ujiji hadi Kasulu: mgonjwa wa saratani aliyegeuka njano asiwekewe mrija, "utaiamsha", anywe mwarobaini tu.

Si kweli. Njano hiyo huja uvimbe, mara nyingi wa kongosho, unapobana njia ya nyongo. Kwa mbinu mojawapo, daktari hupitisha mdomoni kamera yenye ultrasaundi, akatoboa kutoka tumboni hadi kwenye njia hiyo na kuacha mrija ili nyongo ishuke. Hatari zipo, kama kuvuja au maambukizi. Lakini mrija hauponyi saratani, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa: mgonjwa akifariki baadaye, mrija hulaumiwa.

Linganisheni kipimo cha damu cha bilirubini, ile rangi ya nyongo inayomgeuza mtu njano, kabla na baada ya mrija: ikishuka, mrija umefanya kazi yake. Ndugu zangu, ujumbe huo msiusambaze tena.