Usaili wa Kujiunga na Chuo: Anza na Majina Yako

Kila msimu wa udahili, ofisi yetu hapa Mwanza hupokea malalamiko ya wazazi wanaoamini kwamba vijana wao wameachwa kwa kukosa mtu wa kuwashika mkono. Ni vyema umma ukafahamu kwamba wengi tunaowarudisha hawafiki hata mbele ya jopo; hukwama kwenye meza ya uhakiki wa nyaraka, na mara nyingi kinachowakwamisha ni jina.

Kwa kanda yetu tatizo hili lina sura yake. Cheti cha kuzaliwa kinasomeka Ng'wandu, cha kidato cha nne Mwandu, na kitambulisho cha NIDA Ngwandu, bila ritifaa. Nyumbani kila mtu anajua kuwa hilo ni jina moja, lakini mhakiki ameshika nyaraka za watu watatu. Tofauti ya tahajia huelezwa kwa hati ya kiapo inayosainiwa mbele ya kamishna wa viapo, na mawakili wengi wana mamlaka hayo. Aliyebadili jina kabisa anahitaji hati ya kubadili jina iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa. Na ikiwa kosa limo kwenye cheti cha kuzaliwa chenyewe, marekebisho hufanywa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Mambo haya hayakamilishwi asubuhi ya usaili. Nasisitiza pia, kwa sababu tumeshachoka kulieleza dirishani, kwamba kukwangua herufi kwa wembe na kuandika nyingine si marekebisho bali ni kughushi, kosa ambalo Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, imeliwekea kifungo kinachoweza kufika miaka 7, na anayewasilisha hati hiyo huku akijua ni ya kughushi hubeba adhabu hiyohiyo. Anayejiita mtu wa ndani na kuomba fedha aripotiwe TAKUKURU kwa namba 113.

Waombaji wa Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Wa Ukerewe bado wanategemea kivuko, nao tunawasihi walale Mwanza usiku wa kuamkia usaili, kwani ziwa likichafuka safari huchelewa.

Mbele ya jopo, majibu ya kukariri hayasaidii. Mwombaji mmoja wa fani ya uchakataji wa samaki alitamka kwamba kozi hiyo ni ndoto yake tangu utotoni, kisha akanyamaza. Tulipomuuliza kwao wanaanikaje dagaa, alikaa vizuri kitini. Alieleza kwamba mama yake ameacha kuanika chini, kwa kuwa dagaa hushika mchanga na mnunuzi hushusha bei, na sasa anatumia vichanja vya nyavu, ila mvua ikinyesha siku mbili mfululizo mzigo huharibika hata ukiwa juu ya kichanja. Tukamuuliza yeye angefanya nini. Alifikiri, akasema hajui, na kwamba hilo ndilo lililomleta chuoni. Jibu hilo ndilo lililompa alama.