Jeli inayoganda kwa moto, na chumvi inayoiwahisha

Gelatini huganda ikipoa. Methiliselulosi, unga unaotengenezwa kwa selulosi ya mimea, ni mkaidi: ikiwa baridi ni majimaji, ukiipasha hadi nyuzijoto 50 au 60 hivi za Selsiasi inaganda. Ikipoa inalegea tena, ingawa si kwenye joto lilelile ilipogandia. Lazima ushuke chini zaidi ndipo jeli iachie.

Selulosi tupu haiyeyuki majini kwa sababu minyororo ya molekuli zake imeshikana kwa vifungo vya hidrojeni. Tukipachika vikundi vya methili, yaani vijipande vya kaboni na hidrojeni, minyororo huachana, maji yakapenya. Ila methili zenyewe haziyapendi maji. Kwenye baridi molekuli za maji huzizingira kwa mpangilio. Joto likipanda mpangilio huo huvunjika, methili zikabaki wazi, zikakimbiliana. Minyororo hujisuka kuwa nyuzinyuzi nyembamba mno, na wavu wa nyuzinyuzi hizo ndio unaoyashika maji.

Sasa tia chumvi. Ioni, yaani chembe zenye chaji zitokazo kwenye chumvi, nazo zinayataka maji hayohayo, kwa hiyo minyororo huishiwa maji mapema na kuganda kwenye joto la chini zaidi. Lakini chumvi gani? Chumvi ya mezani hushusha joto la kuganda kwa kiasi. Chumvi za sulfeti na fosfeti hushusha zaidi sana, hata methiliselulosi ikaweza kuganda karibu na nyuzijoto 37, jambo linalowafaa watengenezaji wa jeli za kudungwa mwilini. Thiosayaneti hufanya kinyume, huchelewesha. Mfuatano huu wa nguvu za chumvi ni ule aliouona Franz Hofmeister mjini Prague mwaka 1888 akichunguza protini za ute wa yai, na ioni hasi ndizo zenye sauti kubwa.

Nililipia somo hili. Niliyeyusha sulfeti kwanza, kisha nikanyunyiza unga wa methiliselulosi. Ukaelea kwa mabonge siku nzima. Siku hizi naulowesha unga kwenye maji ya nyuzijoto 80 na zaidi, utawanyike bila kuyeyuka, naongeza maji ya barafu, nakoroga hadi utulie. Chumvi huja mwisho.

Usiyahamishie haya kwa kaboksimethiliselulosi, ndugu yake iliyopachikwa vikundi vya aina nyingine. Hiyo ina chaji hasi: joto huipunguzia mnato tu, na chumvi ya mezani huifanya nyepesi zaidi, maana ioni zake hufunika chaji zilizokuwa zikitanua minyororo. Itakayoigandisha ni ioni kama ya alumini, yenye chaji tatu za kuushika mnyororo huu na ule kwa pamoja.