Damu kwa fizi si kosa la mswaki

Nairobi ukitema damu kwa sinki asubuhi lazima mtu akwambie mswaki ni mgumu, pumzisha fizi kwanza. Hapana jamani. Mara nyingi hiyo damu inaletwa na utando wa bakteria uliokaa pale jino linapoingia kwa ufizi, na ukiacha kupiga mswaki ndio wanazidi kujijenga. Mmoja sugu anaitwa Porphyromonas gingivalis, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, wametengeneza kikaratasi cha kunasa sumu yake kwa mate, kinafanya kazi kama kile cha kupima mimba. Shida ilikuwa amilesi, protini ya mate inayovuruga kipimo, wakaiondoa na wanga wa viazi (si mchezo!). Kwa kliniki, dentisti huchomeka kile kichuma chenye alama za milimita kando ya jino, kikizama 4 kwenda juu hapo kuna kazi.